Kiswahili cha Amri Hakitoshi, Tujifunze na cha Gumzo

Wako wakubwa wa vituo ambao wakimwona askari ameketi chini ya mti pamoja na raia, wakicheka na kubishana juu ya wimbo au mchezo wa mpira, hufikiri mara moja kwamba askari huyo ameiacha kazi yake. Kwa maoni yao, askari aliye zamu ama asimame, ama atembee, ama aandike. Kuketi na kupiga soga ni jambo la mtu aliye likizo. Sisi nasi tulikuwa na mawazo hayohayo tulipotoka katika chuo cha maofisa cha Kabamba, tukiwa na nyota moja begani na viatu vilivyong'aa kama kioo. Leo twaandika kueleza kwa nini tumeyaacha. Twaamini sasa kwamba mwanajeshi au polisi asiyeweza kuzungumza na mwananchi juu ya mambo madogo ya maisha ana upungufu katika kazi yake, sawasawa na yule asiyejua kuisafisha bunduki yake.

Lugha ya kizuizi

Tuanze na lugha yenyewe tunayoitumia. Kiswahili kiliingia katika majeshi yetu tangu siku za King's African Rifles, na tangu hapo kimekuwa lugha ya gwaride na ya kambi, kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilitangaza kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa. Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Juu ya hayo yote, wako wananchi wengi ambao mpaka leo wakisikia Kiswahili hukunja uso.

Sababu haiko mbali. Kwa mtu aliyekuwa na akili zake timamu katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kiswahili kilikuwa maneno machache yanayosemwa kwa sauti kubwa kwenye kizuizi cha barabarani: Simama! Shuka! Leta kitambulisho! Lala chini! Mnyang'anyi naye, alipotaka kuogopwa usiku, alitumia maneno hayohayo kama alivyovaa koti la jeshi asilopewa na jeshi. Kwa hiyo lugha ikabebeshwa lawama za wale walioitumia vibaya.

Sisi tuliokulia Mbarara tuliyasikia hayo kwa wazee wetu. Walitusimulia pia vita vya mwaka 1979, jinsi majeshi ya Tanzania yalivyoingia Mbarara mwezi wa Februari, na jinsi mji ulivyoharibiwa vibaya. Bibi yetu mmoja alikufa akiwa na uchungu wa duka dogo lililobomolewa siku zile. Lakini kila alipolitaja duka hilo, alikuwa hakosi kumtaja kijana wa Kitanzania aliyesimama mlangoni pake na bunduki na kumwambia, "Shikamoo, mama. Naomba maji ya kunywa." Bibi alikuwa akicheka anapofika hapo. Alikuwa hajapata kumsikia askari akisema "naomba" kwa Kiswahili, wala hakujua kama neno hilo limo katika lugha ile.

Hiyo ndiyo hoja yetu ya leo. Wengi wetu tulifundishwa Kiswahili cha amri, tukakijua vema, tukadhani tumeijua lugha. Kumbe tumejua chumba kimoja tu cha nyumba kubwa.

Tulivyonyamazisha hoteli

Kwetu sisi somo hilo lilitufikia Nakivale. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yako katika wilaya ya Isingiro, iliyotengwa na Mbarara mwaka 2006, kandokando ya ziwa la jina hilohilo na karibu na mpaka wa Tanzania. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, Watutsi walipoanza kuikimbia Rwanda, nayo ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa katika Afrika. Leo wanaishi humo watu zaidi ya 150,000, waliotoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Walio wengi ni Wakongo, na wengi wao walikuja na Kiswahili cha Kivu. Kwao Kiswahili ni lugha ya kumbembelezea mtoto, ya kuuzia samaki sokoni na ya kumlilia maiti.

Tulipelekwa huko mara ya kwanza kwa kazi ya kuandaa mkutano kati ya askari na wananchi. Tuliandamana na sajini mmoja mtu mzima, mwenye mvi chache na maneno machache. Tulipofika eneo la Base Camp tukaona njaa, tukaingia katika hoteli ndogo ya chai yenye ukuta wa udongo na paa la turubai. Ndani mlikuwa na watu kama kumi, wakizungumza kwa sauti kubwa, na redio ikipiga muziki wa Kikongo. Tulipoinama kuingia mlangoni, mazungumzo yalikatika mara moja. Mama mwenye hoteli aliikimbilia redio akaizima, kana kwamba muziki ni hatia. Sisi, kwa Kiswahili chetu cha Kabamba, tukasema, "Leta chai."

Chai ililetwa upesi sana. Hakuna aliyesema neno. Mzee mmoja aliyekuwa karibu nasi alikuwa akitazama sakafu, na mikono yake ameiweka juu ya meza mahali ambapo kila mtu angeweza kuiona. Hatukumwamuru aiweke hapo. Alikuwa amefundishwa na askari wengine, katika nchi nyingine, na huenda mafunzo hayo yalimgharimu mengi.

Sajini wetu aliliona hilo kabla yetu. Alivua kofia yake, akaiweka magotini, akamgeukia mama mwenye hoteli. "Samahani mama, tumeingia bila hodi. Hamjambo? Mbona umemzima Franco katikati ya wimbo?" Mama akasitasita, kisha akaifungua redio tena. Ulikuwa ule wimbo wa "Mario" wa mwaka 1985, unaomsema kijana anayelelewa na mwanamke aliyemzidi umri. Sajini akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa kwa raha, akasema, "Hakuna mwimbaji kama Franco. Sikieni anavyoipandisha sauti hapo."

Yule mzee alijizuia kwa muda, lakini kosa lile lilimshinda kulivumilia. Akainua macho. "Hapana, papa," alisema kwa upole. "Ile sauti ya juu si ya Franco. Ni ya Madilu. Franco ni huyu mwenye sauti nzito anayegomba."

Kijana mmoja wa nyuma akampinga, mwingine akamwunga mkono, na kabla chai haijapoa hoteli nzima ilikuwa katika mabishano. Wakatajwa Tabu Ley na Mbilia Bel. Akatajwa Samba Mapangala, ambaye alipiga muziki Kampala kabla ya kuhamia Nairobi. Mmoja akakumbusha kwamba Franco alifariki Oktoba 1989, mwingine akakumbuka alikuwa wapi siku alipoipata habari hiyo. Katika kueleza alikuwa wapi, akautaja mji wake. Katika kuutaja mji wake, akamtaja kaka yake. Hatukumwuliza lolote kati ya hayo. Mikono ya yule mzee ilikuwa imekwisha kuondoka mezani, ikipiga ngoma magotini.

Tulipokuwa njiani kurudi Mbarara, tulimwuliza sajini kama ni kweli hakuijua sauti ya Madilu. Alicheka tu, akasema, "Afande, mzee yule alihitaji kumsahihisha mtu mwenye bunduki."

Mji mmoja, kumbukumbu mbili

Wako watakaosema kwamba hizo ni hila za kumlainisha raia. Hatukubaliani nao, kwa sababu gumzo la kweli humgusa pia yule aliyelianzisha, na tulilishuhudia hilo kwa sajini huyohuyo.

Katika safari nyingine tuliingia katika duka la mama mmoja Msomali, aliyekuwa amepata Kiswahili chake kwa kukaa Eastleigh, Nairobi, miaka mingi. Alituandalia chai ya maziwa yenye hiliki na mdalasini. Sajini alionja, akasema kwamba chai kama hiyo aliwahi kuinywa Mogadishu. Wasomaji wetu wanajua kwamba wanajeshi wa Uganda walifika Mogadishu mwezi Machi 2007, wakiwa wa kwanza katika jeshi la Umoja wa Afrika, na kwamba walipigana humo mtaa kwa mtaa mpaka Al-Shabaab walipouacha mji huo Agosti 2011. Mama yule alimwuliza kama alifika soko la Bakaara. Sajini akajibu kwamba alifika. Ndipo mama akaanza kumweleza upande waliouzia vitambaa, upande wa dhahabu, upande wa dawa, na mahali baba yake alipokuwa akikaa juu ya kiti cha chini, akihesabu fedha na kuwagombeza wachukuzi. Akauliza, "Safu ya vitambaa bado ipo?"

Sajini alinyamaza kidogo. Kisha akasema ukweli. Alisema kwamba yeye alilijua soko lile kwa kuta zake na kwa pembe zilizotoka risasi, na kwamba milango yote aliyoiona ilikuwa imefungwa. "Nisamehe, mama. Sikujua kuwa palikuwa na vitambaa."

Mama hakuwa na la kusema, akammiminia chai ya pili. Sajini alilipa vikombe vyote. Jioni ile, garini, alitusimulia habari za rafiki yake aliyeuawa katika mitaa ile, jina lake, kijiji chake, na nyimbo alizopenda kuimba. Tulikuwa tumefanya kazi naye muda mrefu na hajapata kututajia hata siku moja kwamba alikuwa na rafiki huyo. Askari wengi hurudi kutoka vitani wakiwa na mizigo ya namna hiyo vifuani, wakakaa nayo kimya mpaka ikawageukia ulevi, ugomvi wa nyumbani, au jambo baya zaidi. Hatusemi kwamba kikombe cha chai ni dawa ya yote hayo. Twasema kwamba mtu asiye na mahali pa kuzungumza mambo madogo hatapata mahali pa kuyaanzia makubwa.

Mifano ndani ya majeshi yetu

Mtu akituuliza azungumze nini na mkimbizi, tutamjibu kwamba mifano imejaa ndani ya majeshi yetu wenyewe. Nani asiyemjua John Akii-Bua? Alikuwa polisi. Mwaka 1972 katika michezo ya Olimpiki ya Munich alikimbia mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, akawa mtu wa kwanza duniani kupungua sekunde 48, akailetea Uganda medali yake ya kwanza ya dhahabu. Kila polisi hujivunia habari hiyo. Lakini ni wangapi wanaoikumbuka sehemu ya pili? Mwaka 1979, vita vilipofika, bingwa huyo alikimbilia Kenya na kuishi katika kambi ya wakimbizi, mpaka alipopata njia ya kwenda Ujerumani Magharibi. Baadaye alirudi nyumbani, akalitumikia tena jeshi la polisi, akafariki mwaka 1997. Polisi anayepanga watu foleni Nakivale na akumbuke kwamba shujaa wa sare yake alikuwa mkimbizi.

Ilipita miaka 40 kabla ya Uganda kupata dhahabu nyingine ya Olimpiki, nayo ilipatikana London mwaka 2012 kwa Stephen Kiprotich wa Idara ya Magereza, katika mbio ndefu za marathoni. Kisha akaja Joshua Cheptegei, naye ni polisi, aliyeshinda mita 5,000 huko Tokyo mwaka 2021 na mita 10,000 huko Paris mwaka 2024. Na mpenda mpira anayo mengi: timu yetu ya Cranes iliyofika fainali ya Kombe la Afrika mwaka 1978, ikafungwa na Ghana 2 kwa 0, kisha tukangoja miaka 39 kabla ya kurudi katika mashindano hayo nchini Gabon mwaka 2017. Mkongo atakukatiza hapo akukumbushe kwamba nchi yake, wakati ule ikiitwa Zaire, ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1974. Mwache akukatize. Mtu anayejivunia kitu mbele yako amekwisha kuacha kukuogopa.

Gumzo pia lina deni. Huwezi kumsikiliza mwenzako akifungua kumbukumbu zake, nawe ukakaa kama sanduku lililofungwa. Kwa hiyo nasi tulilipa deni hilo Nakivale kwa kusimulia kisa cha utoto wetu. Tarehe 31 Mei 2002, Senegal ilipocheza na Ufaransa katika Kombe la Dunia, tulitoroka shule hapa Mbarara pamoja na wenzetu watatu. Hatukuwa na kiingilio cha kibanda cha video, tukawa tunachungulia kwa zamu katika tundu la bati. Mara akatokea polisi kwa nyuma yetu, mkubwa, na fimbo kwapani. Miguu ilitulegea. Polisi akainama mpaka uso wake ukalingana na nyuso zetu, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani anaongoza?" Tukamwambia kwamba Senegal inaongoza, moja kwa bila. Naye akaomba zamu ya tundu. Mchezo ulipokwisha akatunyoshea fimbo akasema, "Haya, Afrika imeshinda. Sasa rudini shuleni." Hatukulijua jina lake, lakini tangu siku ile hatujapata kumwogopa mtu kwa sababu ya sare yake tu, na huenda bila yeye tusingalivaa sare hii.

Mipaka ya gumzo

Hata hivyo tusieleweke vibaya. Gumzo lina mipaka, na askari asiyeijua ataleta madhara.

Kwanza, siri za kazi si mali ya gumzo. Mahali kikosi kinapokwenda, idadi ya watu na silaha, zamu za lindo, hayo hayazungumzwi hotelini wala hayaandikwi katika simu. Pili, askari asiwe mchukuzi wa uvumi. Mwaka 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoanza kugawa posho ya wakimbizi kwa makundi, ili wenye shida zaidi wapate zaidi na wengine wasipate kabisa, kila mtu Nakivale alikuwa na neno la kusema. Katika hali kama hiyo, askari anayekisia kwa sauti ni hatari kuliko askari aliyenyamaza. Asemalo hupewa uzito wa serikali. Kama hujui, sema hujui, kisha nenda ukaulize. Tatu, usile wala kunywa bila kulipa, na usiyafanye mazungumzo kuwa mlango wa kuwasumbua mabinti wa watu. Mwenye bunduki hawezi kujua kwa urahisi kama anachekewa kwa kupendwa au kwa kuogopwa, basi na ajitilie shaka.

Nne, na hili ndilo twalisisitiza zaidi, gumzo lisigeuzwe kuwa upelelezi wa kichinichini. Upelelezi una watu wake na taratibu zake. Ukiandika usiku kila ulichoambiwa mchana juu ya kikombe cha chai, watu watakujua, nao watarudi kuweka mikono yao juu ya meza. Lakini ukiwa mwenzao wa kweli, siku ugomvi utakapotaka kuzuka bombani au mpakani mwa mashamba, watakuja wao wenyewe kukuambia kabla fimbo hazijainuliwa, kwa kuwa wanakujua kwa jina.

Tunapendekeza basi kwamba katika vyuo vyetu, Kabamba kwa maofisa wa jeshi na Kabalye, Masindi, kwa polisi, Kiswahili kisifundishwe kwa amri peke yake. Kuruta afundishwe pia kubisha hodi, kuomba, kushukuru, kutoa pole kwa msiba na kuuliza habari za watoto. Afundishwe kwamba Mkongo akimwita "papa" anampa heshima, wala hamdhihaki. Na wale wanaotumwa Nakivale wapewe nafasi ya kuketi na wenyeji wao kabla ya kuanza kuwapanga foleni.

Tulirudi Nakivale hivi karibuni, tukaingia katika hoteli ileile. Yule mzee alikuwapo, amezeeka zaidi. Tulivua kofia tukasema, "Hodi, mzee. Shikamoo." Alitutazama sana, kisha akatutambua. Hakuuliza tumekuja kwa kazi gani. Alisogea katika benchi lake kutupa nafasi, akauliza kama sajini bado hajui kumtofautisha Franco na Madilu.